Namna ya kupendekeza makala na majarida ya waandishi wenzako mpaka watu wayasome kweli

Linki tupu haisomwi. Wengi wetu tunaoandika huku mtandaoni, mwenye blogu, mwenye jarida la imeili, mwenye chaneli yake WhatsApp, kila baada ya muda tunajisikia kuwashika mkono wenzetu, basi mtu anakopi linki anaibandika, anaandika "someni hii wadau ni moto", anamalizia na emoji tatu, halafu kesho yake analalamika kwamba Wabongo hawapendi kusoma. Sasa wafungue kwa lipi? Ni moto kuhusu nini? Ni ndefu au fupi, ni Kiswahili au Kiingereza, ni ya bure au nikifika katikati naambiwa nitoe kadi ya benki? Mtu yuko kwenye daladala kabakiwa na MB 150 mpaka jioni, wewe unamwambia moto.

Kwa hiyo hapa ntaongelea hilo tu, namna ya kumpendekezea mtu kitu alichoandika mwenzako ukampa na sababu ya kukifungua. Na nianze kwa kusema wazi msimamo wangu: kupendekeza ni kuandika kabisa, tena kuandika kugumu, maana una sentensi tatu tu na hakuna pa kujificha.

Wapo waliofanya hii ikawa ndo kazi yao. Denis Dutton, profesa wa falsafa kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1998 alianzisha tovuti ya Arts & Letters Daily, ukurasa umejaa maandishi tupu, hauna mbwembwe yoyote, kila siku linki mpya tatu na kila linki ina sentensi zake mbili tatu za kukuchokoza mpaka unabofya bila kupenda. Maria Popova mwaka 2006 alianza na imeili aliyokuwa anawatumia marafiki 7, anawaambia tu vitu vya kuvutia alivyokutana navyo, na imeili hiyo ndo ikaja kuwa Brain Pickings, ambayo tangu 2021 inaitwa The Marginalian. Mark Armstrong mwaka 2009 alianza na alama ya reli tu Twitter, #longreads, watu wakawa wanaitumia kuonyeshana makala ndefu mpaka ikawa tovuti yenye jina hilo hilo. The Browser, jarida alilolihariri Robert Cottrell kwa miaka mingi, lenyewe ni makala 5 kwa siku, basi, hazidi hapo.

Tatu kwa siku, tano kwa siku, na hao ni watu ambao kutwa nzima kazi yao ni kusoma. Wewe mwenye kazi nyingine na familia na foleni ya Mbagala, moja kwa wiki inakutosha sana. Ile tabia ya mwisho wa mwaka ya "makala 50 bora nilizosoma" mimi huwa naipita, inaonyesha bidii ya aliyeiandika lakini msomaji haimsaidii kitu, atafungua ya kwanza, ataangalia ya pili, simu italia.

Soma mpaka chini kabisa

Najua inaonekana ni jambo la kitoto kulisema ila watu wanapendekeza vitu walivyosoma kichwa cha habari na aya mbili za juu. Angalia makala ya Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Kenya, How to Write About Africa, iliyotoka kwenye jarida la Granta mwaka 2005. Kichwa kinajitangaza kama mwongozo wa kuandika kuhusu Afrika, kwa hiyo mtu ambaye hajaisoma anaweza akawapelekea vijana wake wa uandishi akawaambia haya, mwongozo huu hapa, ufuateni. Kumbe ni kejeli mwanzo mwisho, jamaa anamfundisha mwandishi mgeni aweke AK-47 na mbavu zilizotokeza, asithubutu kutaja watoto wanaoenda shule bila ugonjwa wa kutisha, na kitabu amalizie na Mandela akisema kitu kuhusu upinde wa mvua. Na ukishajua kwamba ilianza kama imeili ya hasira aliyowaandikia Granta wenyewe kuhusu toleo lao la Afrika, unaisoma kwa jicho jingine kabisa. Hiyo ndo aina ya kitu cha kumpa msomaji wako, kitu ambacho akikijua kabla hajafungua anasoma vizuri zaidi.

Makala ikiwa ya zamani ndo kabisa, weka na mazingira yake. Chukua ile ya Teju Cole kwenye The Atlantic ya Machi 2012, The White-Savior Industrial Complex. Ilitokana na tweeti 7 alizoandika baada ya ile video ya Kony 2012 kutikisa dunia, ile ya shirika la Marekani lililokuwa linataka Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, akamatwe, tweeti zikawachoma wengine, wengine wakazishangilia, ndo akakaa akaandika makala ndefu ya kufafanua alichomaanisha. Kijana wa miaka 20 leo wakati ule alikuwa mtoto mdogo, Kony hamjui, kelele zile hazijui, ukimtupia linki bila mistari miwili ya utangulizi unamuonea bure.

Na ukisoma mpaka chini utagundua mara nyingi kitu kilichokufurahisha hakipo kule juu. Kipo aya ya tisa, au kwenye mfano mmoja mdogo katikati ambao mwandishi mwenyewe wala hakuutilia mkazo. Kikamate hicho. Kama unatumia Chrome kwenye kompyuta, chagua sentensi yenyewe, bofya kulia, kuna sehemu ya kukopi linki inayoenda moja kwa moja kwenye hayo maneno uliyoyachagua, msomaji akibofya ukurasa unafunguka pale pale na sentensi imewekewa rangi. Haifanyi kazi kila tovuti ila ikifanya ni raha.

Sema kilichomo, achana na sifa

"Nzuri sana", "kali", "ya kufikirisha", "lazima uisome", hayo yote hayambebi msomaji popote maana yanaweza kusemwa juu ya makala yoyote duniani. Jaribu kuyafuta yote kwenye pendekezo lako uone kinabaki nini. Kama hakibaki kitu, hujapendekeza bado.

Ntatoa mfano wa kitu nnachokipenda mimi, hotuba ya Nobel ya Abdulrazak Gurnah, ambayo ukiisoma ni insha kabisa. Mtu wa haraka angeandika: "Mzanzibari wetu alivyoiteka dunia!!! Soma hotuba yake hapa". Mimi ningeiweka hivi:

"Abdulrazak Gurnah, hotuba ya Nobel, 7 Desemba 2021, ipo kwenye tovuti ya Nobel wenyewe, bure, Kiingereza kilichonyooka, dakika kama 10 hivi. Anaanza na raha ya kipindi cha kuandika hadithi alipokuwa mwanafunzi, raha tu isiyo na sababu. Halafu anaeleza jinsi alivyofika Uingereza akiwa kijana, na kwa mbali akawa anaona historia ya kwao inaandikwa upya, inarahisishwa, mengine yanafutwa, na hapo kuandika kukaacha kuwa raha kukawa kukataa. Kama unaandika kuhusu nyumbani huku uko mbali na nyumbani, uwe Muscat au Minneapolis, hii inakuhusu kuliko mahojiano yote aliyofanya baada ya tuzo."

Angalia hapo hakuna "nzuri" hata moja. Kuna jina la mwandishi kwanza kabisa, kuna mahali na mwaka, kuna lugha, muda, bei, kilichomo, halafu kuna mtu anayehusika. Hilo la mwisho watu wengi hulisahau na mimi naliona ndo linafanya kazi kuliko yote, yaani ukisema "hii ni ya yeyote" hakuna anayejiona, ukisema "hii ni ya mtu aliyewahi kuandika barua ya kuomba kazi akairudia mpaka akachoka" watu mia wanasema mbona huyu ananisema mimi.

Lugha iseme kabla mtu hajabofya, usione aibu. Huku kwetu makala nyingi tunazozishea ni za Kiingereza wakati grupu lote linaongea Kiswahili, na wapo wanaosoma Kiingereza vizuri lakini wanachoka, na wapo wasiotaka kusema hadharani kwamba kinawashinda. Unachoweza kufanya ni kueleza kiini kwa Kiswahili chako mwenyewe aya moja, kwa maneno yako, hata asiyefungua aondoke na kitu. Kutafsiri makala nzima ya mtu na kuiweka kwako hiyo ni habari nyingine, muombe ruhusa kwanza, wengi wanakubali na wanafurahi kuliko unavyodhani.

Na kama kuna kitu hukubaliani nacho kwenye hiyo makala, kitaje. "Mwanzo unasuasua, ruka mpaka anapofika kwa bibi yake", au "hitimisho lake silikubali ila hesabu za katikati sijaona mtu mwingine aliyezipanga hivyo". Pendekezo lenye walakini linaaminika. Anayesifia kila kitu watu wanamzoea kama tangazo la redio.

Makala moja sio sawa na jarida

Hapa ndo pana mkanganyiko mkubwa. Makala unapendekeza kitu ambacho umeshakiona chote, kimeisha, hakibadiliki. Jarida la imeili unapendekeza tabia ya mtu, unamwambia msomaji amruhusu huyu aingie kwenye imeili yake kila wiki, pamoja na vitu ambavyo hata wewe hujaviona kwa sababu bado hajaviandika. Ni dhamana kubwa kidogo. Kwa hiyo kabla hujaisema rudi nyuma usome matoleo kadhaa ya zamani, na usichague yale yaliyovuma tu, chukua na lile ambalo unaona kabisa siku hiyo hakuwa na la kusema akaandika hivyo hivyo, maana wiki nyingi ndo zitakuwa za namna hiyo.

Angalia tarehe ya toleo la mwisho. Majarida yanakufa kimya kimya, mtu anaandika kwa nguvu miezi sita halafu anapata kazi mpya au mtoto, basi. Sio kosa lakini usimpeleke mtu kwenye duka lililofungwa. Mwambie linatoka lini na lini, ni refu kiasi gani, kuna sehemu ya kulipia au hamna, na kama sehemu ya bure peke yake inatosha. Mwambie pia aangalie kule Gmail inakotupa matangazo, maana wengi wanajiunga halafu wanasema sipati kitu, kumbe toleo la kwanza liko kwenye kichupo cha matangazo linasubiri ahamishe mwenyewe.

La muhimu kuliko yote, mwambie aanzie wapi. Chukua Udadisi, blogu ya Chambi Chachage wa Tanzania, ina miaka mingi, ina Kiswahili ina Kiingereza, kuna historia, siasa, ardhi, uchumi, na kazi za watu wengine pia amezipa nafasi humo humo. Ukimwambia mtu "soma Udadisi" umemuacha mlangoni, ataingia, ataona posti ya juu kabisa ambayo labda haimhusu, atatoka. Hivyo hivyo Gukira ya Keguro Macharia kule Kenya, ni maandishi ya kusomwa polepole, sentensi moja unairudia mara mbili, ukimtupia mtu ukurasa wa mwanzo wa blogu atazama. Mpe posti moja, mwambie kwanini hiyo, akiipenda njia ya kwenda kwenye nyingine ataiona mwenyewe.

Na kama mwandishi ana makala moja nzuri na mengine yote hukuyapenda, pendekeza hiyo moja, hulazimiki kumbeba mzima mzima.

Kuna hawa Substack, mtandao wa kuchapishia majarida ya imeili, tangu 2022 wana kitu chao cha mapendekezo ndani ya mfumo, mtu akijiunga na jarida lako anaonyeshwa hapo hapo majarida mengine unayoyapendekeza, akigusa kitufe anakuwa amejiunga nayo. Kwa mwandishi ni raha, namba zinapanda umelala. Kwa msomaji mara nyingi ni kujikuta anapokea barua za watu wanne asiowakumbuka, na akianza kujitoa anajitoa mpaka kwako. Ukikitumia weka machache mno, na ile nafasi ya kuandika maneno yako kuhusu kila jarida ijaze, usiiache wazi.

Sapoti, sapoti, sapoti

Sasa tuje kwenye hili ambalo watu hawapendi kuliongelea. Mwandishi mwenzako anakuja inbox, "kaka nisapoti basi, nishee na mimi". Unamjua, mmekunywa chai pamoja, kazi yake huipendi. Ufanyeje?

Kwanza tofautisha kusapoti mtu na kupendekeza kazi. Kumsapoti mtu kuna njia nyingi, msome, mwandikie ukweli faraghani, mlipie usajili wake kama analipisha, mnunulie kitabu, mtajie nafasi ya uandishi umeiona mahali, hizo zote hazimgusi msomaji wako. Kupendekeza kunatumia imani ya msomaji, na hiyo sio yako ya kugawa kwa sababu ya chai. Huwa nasikia watu wanasema tusipobebana wenyewe nani atatubeba, na mimi nakubali kabisa, ila kubebana kwa kweli kumewahi kufanyika na hakukuwa kwa namna hii ya nishee nikushee.

Blogu ya Michuzi, ambayo kila Mtanzania wa enzi zile aliifungua asubuhi, ilizaliwa Helsinki mwaka 2005 baada ya Ndesanjo Macha, aliyekuwa tayari anaandika Jikomboe kwa Kiswahili, kumsukuma Muhidin Michuzi aanze. Alimuonyesha mwenzake namna. Kenya, Binyavanga huyo huyo alishinda tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2002 kwa kazi iliyotoka kwanza mtandaoni, Discovering Home, wakati ambapo mtandao watu wengi hawakuuhesabu kama mahali pa fasihi, na hakwenda kula jina peke yake, yeye na wenzake wakaanzisha jarida la fasihi la Kwani? na mwaka 2003 Yvonne Adhiambo Owuor akashinda tuzo hiyo hiyo kwa hadithi iliyochapwa humo. Pale watu walikuwa wanasomana, wanahaririana, wanabishana, mwenye kazi nzuri anasukumwa mbele, mwenye kazi mbichi anaambiwa irudishe jikoni.

Kwa hiyo jibu la inbox mimi hujibu hivi au karibu na hivi: "Nimesoma tatu za mwisho. Ile ya mama mwenye duka la dawa nimeipenda, hiyo ntaipeleka kwa watu wangu wiki hii. Hizo za ushauri wa maisha sio za wasomaji wangu." Umemshika mkono, umesema ukweli, na bila kumhubiria umemuonyesha wapi yuko vizuri. Akikasirika, akasirike kidogo. Kama hakuna hata moja uliyoipenda sema tu haijafika pale unapoweza kuisimamia, aendelee kukutumia. Kunyamaza na kuacha tiki mbili za bluu ndo kubaya zaidi.

Na akiwa ni ndugu yako, mke wako, mhariri wako, au mtu mnayelipana kwa namna yoyote, sema humo humo kwenye pendekezo. "Huyu ni shemeji yangu, lakini hata asingekuwa..." Watu hawana shida na shemeji, wana shida wakigundua baadae.

Mambo ya linki

Hapa ntapita haraka. Usikopi linki kutoka ndani ya imeili ya jarida, zile linki nyingi zimefungwa kwa jina lako, ni ndefu kama treni na zinamwambia mtumaji nani kabofya. Fungua toleo kwenye brauza kwanza, halafu kopi anwani ya juu. Ukiona alama ya kuuliza ikifuatiwa na utm na kadhalika, kata kuanzia kwenye alama hiyo mpaka mwisho, jaribu linki, ikifunguka basi ndo hiyo. Na usifowadi imeili yenyewe kama ilivyo kwa kundi la watu, kule chini kuna kitufe cha kujitoa ambacho ni chako wewe, rafiki yako mmoja mwenye kidole chepesi akikigusa ametoa jina lako, na utakaa wiki tatu unajiuliza mbona jamaa haandiki siku hizi.

Kuna watu hawataki kabisa imeili zaidi. Waambie majarida mengi yanasomeka kwa RSS, yaani njia ya kuletewa posti mpya kwenye programu bila imeili, Substack na WordPress unaongeza /feed mwisho wa anwani, Blogspot unaongeza /feeds/posts/default, unabandika kwenye programu kama Feedly au Inoreader, na mwandishi hajui hata kama upo.

Kabla hujapendekeza kitu cha blogu ya mtu binafsi, kihifadhi. Nenda web.archive.org, weka anwani, bofya sehemu ya kuhifadhi ukurasa, dakika moja. Tanzania baada ya kanuni za maudhui mtandaoni za 2018, zilizomtaka hata mwenye blogu awe na leseni kwa ada ambazo jumla yake ilipita shilingi milioni 2, blogu nyingi za watu wa kawaida zilinyamaza, na makala ambazo tulikuwa tunatumiana leo ukibofya ukurasa haupo. Programu za kusomea na kutunzia nazo zisikulevye kichwa, Google Reader ya kufuatilia blogu ilifungwa 2013, TinyLetter iliyobeba majarida mengi madogo madogo ilizimwa Februari 2024, Pocket ambako watu walikuwa wametunza makala za miaka kumi ilifungwa Julai 2025. Orodha yako ya vitu unavyovipenda iweke kwenye faili la kawaida, jina la mwandishi, kichwa, mwaka, anwani, na ile sentensi yako moja ya kwanini. Sentensi hiyo iandike siku ile ile uliyosoma, ukisubiri utakumbuka tu kwamba ilikuwa nzuri, na tumeshaongea kuhusu nzuri.

WhatsApp, maana ndo tunakosomea

Makala ngapi umepokea kwenye grupu zimepestiwa zote kuanzia juu mpaka chini, hamna jina la mwandishi, mwisho imeandikwa "nimeipokea kama ilivyo"? Au mbaya zaidi, imewekewa jina la Mwalimu Nyerere wakati humo ndani wanataja simu janja. Kuna mtu alikaa usiku mzima akaiandika ile kitu, imesomwa na maelfu, yeye hajui na hakuna anayemjua. Kama unapenda waandishi usiwe sehemu ya mnyororo huo. Ukipokea ya namna hiyo na umeipenda, chukua sentensi moja isiyo ya kawaida humo ndani, itafute Google ukiwa umeizungushia alama za kunukuu, mara nyingi chanzo kinatokea, halafu rudisha kwenye grupu: "Hii kaandika fulani, yenyewe iko hapa".

Ukiwa wewe ndo unatuma, kila kitu kiwe ujumbe mmoja. Jina la mwandishi mstari wa kwanza, maelezo yako yafuate, linki mwisho. Ukituma maelezo peke yake halafu linki peke yake, mtu atafowadi linki tu na maneno yako yote pamoja na jina la mwenzio vinabaki kwenye grupu lenu. Skrinishoti ya aya inavutia sana kwenye stetasi, ila ikate vizuri jina na kichwa vionekane kwenye picha yenyewe, kwa sababu picha itasafiri bila wewe. Na yale matoleo ya kulipia, kumuonyesha rafiki mmoja toleo moja nadhani hakuna mwandishi atakayekufuata, lakini kulimwaga kwenye grupu la watu mia tatu ni kumla mtu jasho lake, hata ukiweka jina.

Aliyekuonyesha wewe pia mtaje. Popova mwaka 2012 alijaribu kuanzisha alama mbili maalumu za kuweka kabla ya jina, moja ya kusema nimekikuta moja kwa moja kwa fulani, nyingine ya kusema fulani ndo alinifungua macho nikakitafuta, watu wakamcheka kidogo na hazikushika. Alama huzihitaji. "Nimeonyeshwa na fulani" inatosha, maneno matatu, na huyo fulani kesho atakuonyesha kingine.

Baada ya yote hayo mwandikie mwandishi mwenyewe. Usiandike barua, mistari miwili tu, nimekupendekeza kwa watu wangu, haya ndo niliyosema. Wengi wanaandika miezi bila kusikia sauti ya mtu yeyote, hawajui kama kuna anayesoma. Na muulize swali moja: ukipata msomaji mpya leo ungetaka aanzie wapi? Mara nyingi atakutajia makala ambayo wewe uliipita juu juu, pengine ya zamani, haina hata komenti moja. Isome, na kama inasimama, iweke mstari wa pili chini ya ile uliyoichagua wewe: "mwenyewe anasema anzeni na hii".